Mstari Haupigwi Bure

Nikutegee, na usiwe mwepesi wa kunipa mji. Nguo umeivaa tangu siku ya kuzaliwa, hujawahi kuivua hata wakati wa kuoga, na ikichanika hakuna fundi mwenye kitambaa cha kuitia kiraka. Nini hiyo?

Ngozi, umepata. Basi sogea karibu, maana haya ni ya mwanamke aliyeshonea mtaa mzima, kisha ikambidi apigane nyumbani kwake kwa ajili ya kipande cha ngozi kisichozidi viganja viwili.

Watu walimwita Fundi. Cherehani yake ilikaa kibarazani, chini ya bati, na hakuna msichana aliyeolewa mtaani bila kupita mkononi mwake. Mumewe naye alikuwa fundi, wa kuchomelea mageti na madirisha, ila yeye walimwita Chuma, kwa kazi yake na kwa uzito wa mkono wake. Wa tatu mle ndani alikuwa mama yake Chuma, mwanamke mwembamba aliyechagua mwenyewe cha kusikia na cha kutosikia.

Madaktari walikuwa wamekitoa kivimbe kwenye ziwa la kushoto la Fundi, ziwa lenyewe wakaliacha. Sasa alikuwa akienda hospitali kila asubuhi kupigwa mionzi. Nesi wa pale, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani kwenye kamba, alimkalisha siku ya kwanza akamweleza taratibu.

"Mionzi inapita kwenye ngozi ikienda kuua mabaki ya ugonjwa ndani, mama. Ikipita, ngozi inaungua kidogo kidogo, kama ya mtu anayeshinda juani. Itakuwa nyeusi zaidi, itawasha, itakauka. Kazi yako ni kuitunza kama kitoto kichanga. Maji ya vuguvugu, uoshe kwa kiganja, usisugue. Kausha kwa kugusa tu. Usipake manukato, wala poda, wala mafuta yoyote ila haya nitakayokupa mimi. Usiikande kwa maji moto. Usivae kinachobana."

"Na hii mistari?" Fundi aliuliza, maana kifua chake kilikuwa kimechorwa kwa wino mweusi, mistari na misalaba midogo, kama kitambaa kinachongoja mkasi.

"Hiyo ndiyo inayoiambia mashine ipige wapi. Usiifute. Ikififia, usijichore mwenyewe, utuambie sisi. Na ngozi ikichubuka, tutalazimika kusimama mpaka ipone, na ugonjwa hautusubiri sisi. Umenielewa?"

Alielewa. Alirudi akajishonea blauzi ya pamba nyepesi, pana kama ya mjamzito, na mishono yote akaiweka nje ili ndani pasiwe na uzi wa kumkwaruza. Wateja walimcheka.

"Fundi, umevaa kinyume."

"Ndiyo fasheni mpya, shoga. Ukitaka nitakushonea, bei ni ile ile."

Lakini kicheko cha kibarazani hakikuvuka kizingiti. Ndani alioga mlango umefungwa, akavaa mle mle bafuni, akalala amempa Chuma mgongo. Hakumwonyesha ile mistari. Alimjua mumewe, kitu asichokielewa alikipiga kwanza, akakiuliza baadaye.

*

Chuma aliiona mchana wa Jumamosi. Alirudi kutoka karakana kufuata kipimo alichokisahau, akausukuma mlango wa chumba, akamkuta mkewe amesimama dirishani anajipaka mafuta ya nesi kwa ncha za vidole.

Alisimama. Mkononi alikuwa na chaki yake ya kazi, nyeupe, imelika upande mmoja.

"Hiyo nini?"

"Alama za hospitali."

"Nani kakuchora?"

"Mwenye mashine. Mwanamke."

"Sijauliza mwanamke au mwanaume." Alimsogelea, akainama, akaitazama mistari ile kama anavyolitazama geti la mtu mwingine. "Mimi nikipiga mstari kwenye bomba, kinachofuata nini?"

Fundi alivuta blauzi. "Unakata."

"Basi."

"Sikiliza, baba. Hata mimi napiga chaki kwenye kitambaa. Kuna mstari wa kukata, kuna wa kushona, kuna wa kuonyesha tu pindo linakaa wapi. Huu ni wa kuionyesha mashine. Mashine yenyewe haina kisu, ni mwanga tu."

"Ndivyo walivyokuambia hata mara ile. Wanatoa kinyama cha kupima. Ukarudi una bandeji mpaka kwapani." Sauti yake ilikuwa ya chini, na Fundi aliiogopa zaidi ya ile ya juu. "Mstari haupigwi bure. Wanataka kulikata hili ziwa, na wewe umelala pale ukawaacha wapime."

"Njoo nami Jumatatu uone kwa macho yako."

"Jumatatu watakuta hakuna kitu cha kufuata."

Alitoka. Fundi alidhani amekwenda karakana, akashusha pumzi. Chuma aliporudi alikuwa na ndoo ya maji, gunia la kusugulia sufuria, na kopo la sabuni ya gereji, ile yenye mchanga ndani inayotoa grisi kwenye mikono ya mafundi.

Mwanamke akikurupuka chumbani, njia ni moja tu, mlango, na mlangoni alisimama Chuma. Fundi alijaribu dirisha. Alivutwa kwa blauzi, ikachanika begani, akaangushwa chali sakafuni. Chuma alimkalia mapajani, akaikusanya mikono yake yote miwili kwa mkono mmoja, akaibana juu ya kichwa. Kisha akasugua.

Alisugua kama anavyotoa kutu kwenye chuma cha zamani, kwa bidii ya mtu anayeiheshimu kazi yake. Wino ulikuwa mkaidi, naye akaongeza sabuni. Ngozi ambayo nesi alisema ioshwe kwa kiganja ilianza kutoka vipande vipande, nyembamba kama ganda la kitunguu. Fundi alipiga kelele za "mama" mpaka sauti ikamkauka. Aliyekuwa akimwita alikuwa uani anapepeta mchele. Ungo haukusimama.

"Nakuokoa," Chuma alikuwa akisema, jasho likimdondoka puani. "Tulia. Nakuokoa, mwanamke. Utanishukuru."

Alipomaliza, maji ya ndoo yalikuwa ya kijivu na ya waridi. Alinyanyuka, akaokota chaki yake, akachukua kipimo alichokuja kukifuata, akarudi kazini.

Mama mkwe aliingia baadaye na kanga safi. Alipoona, alifumba macho kidogo.

"Usimkasirikie, mwanangu. Ana uchungu na wewe. Baba yake alikuwa hasugui, alikuwa anapiga tu."

"Mama, ulinisikia."

"Nilisikia watu na ndoa yao." Alimtandikia kanga begani, mbali na kidonda. "Huko hospitali utasema ulijikuna. Funika kombe, mwanaharamu apite. Ukimtoa mumeo uchi mbele ya watu, na wewe umevuliwa."

*

Jumatatu mwendesha mashine alimpokea. Alikuwa mwanamke mnene mcheshi ambaye wagonjwa wote walimwita Mama Mwanga, na kila aliyelala kwenye kile kitanda kirefu alipewa utani wake. Siku hiyo alifungua kanga, na utani ukamkwama kooni. Alimfunika, akamfuata nesi.

Nesi alivaa miwani, akatazama, akaivua, akaivaa tena. Pale palipokuwa pamechorwa palikuwa pabichi, panavuja maji, na pembeni palikuwa na mikwaruzo iliyolala upande mmoja.

"Nani?"

Fundi alitazama dari.

"Nakuuliza, mama. Nani amefanya hivi?"

"Niliwashwa. Nikajikuna."

"Ulijikuna ukaoga na mchanga? Huu hapa mchanga." Nesi alionyesha punje kwenye pamba. Sauti ilimpanda, na pazia si ukuta. Waliokuwa kwenye benchi nje wakanyamaza wasikie. "Tumekufundisha kama mtoto wa shule. Kuna watu wanalia kuipata nafasi hii kwenye mashine, na wewe unajisugua kama sufuria. Leo hupigwi. Wiki hii hupigwi. Tutasubiri ngozi ifunge, tukupime upya, tukuchore upya."

Alipotoka, wanawake wa benchi walimpisha kama mtu mwenye harufu. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, akahakikisha amesikika: "Wengine maradhi wanayapenda."

Nesi alimfuata mpaka penye ngazi. Hasira ilikuwa imemshuka, amebaki na uso wa mtu aliyechoka.

"Nisamehe, nimekukaripia mbele za watu. Sikiliza. Nyuma ya jengo hili kuna hosteli yetu, ya wagonjwa wanaotoka mbali, na ya wale ambao nyumbani hawako salama. Kitanda kipo. Lakini kumpa mtu wa mtaa huu kitanda lazima kuwe na sababu, na sababu hiyo siwezi kuisema mimi kwa kubahatisha. Lazima itoke kinywani mwako."

Fundi aliuma mdomo. Alifikiria cherehani yake, na mama mkwe, na jinsi mtaa utakavyosema: Fundi kamkimbia mumewe kwa ugonjwa. Tena akafikiria kwamba akijibu, jioni ile ile Chuma atajua.

"Niliwashwa," alisema, akashuka ngazi ameshika ukuta.

*

Chuma alipoambiwa mionzi imesimamishwa, alicheka mpaka akapiga meza.

"Si unaona? Wamekosa mstari, wameghairi kukata. Mimi daktari wa kienyeji."

"Wamesimama kwa sababu ya kidonda."

"Kidonda kitapona. Ziwa likikatwa halioti."

Akawa mpole kupita kiasi siku hizo. Alibeba maji. Alimnunulia Fundi uzi wa rangi zote. Mama mkwe alitembea akimsifu mwanawe kwa majirani, na Fundi alikaa kibarazani na blauzi yake ya mishono ya nje, akimwagia kidonda maji ya chumvi kama alivyoelekezwa, akikikausha kwa kupepea, akiwafukuza nzi. Kila asubuhi alijitazama kwenye kioo cha wateja. Ngozi ilirudi polepole, ya waridi kwanza, kisha kahawia, laini kama ya mtu mwingine. Hakuwahi kumtunza mtu hivyo, hata wateja wa harusi.

Ngozi ilipofunga alikwenda, akachorwa upya, akaanza tena. Hakumwambia mtu. Lakini mtaa una macho, na jioni moja kabla jua halijazama Chuma aliingia kibarazani, akamshika ukosi wa blauzi kwa kidole kimoja, akachungulia kama anayechungulia chungu.

"Alama zimerudi."

"Chuma, tuzungumze. Ile si mistari ya kukata. Naapa."

"Najua."

Fundi alivuta ukosi wa blauzi ukamtoka kidoleni.

"Nimemuuliza mteja wangu wa geti la bluu. Dada yake alipigwa mionzi hiyo hiyo, akapona, hakukatwa kitu. Najua." Aliegemea nguzo ya bati, ametulia kabisa. "Lakini mimi nilisema zisirudi. Zimerudi. Sasa niambie, nyumba hii ina mwanaume mmoja au wawili?"

Aliinyanyua cherehani kwa mikono miwili, akaitupa kwenye ngazi za saruji. Shingo yake ikavunjika, gurudumu likabiringika mpaka barabarani. Wapita njia walisimama, wakatazama, wakaendelea.

Fundi aliuchukua mkasi wake mkubwa wa kukatia suti. Akausimamisha mbele ya kifua, ncha juu.

"Ukiigusa ngozi hii, nakukata."

Chuma alimpiga kofi la upande, mkasi ukaruka. La pili lilimfika jichoni. Hapo Fundi akafanya jambo ambalo majirani walilisimulia muda mrefu wasilielewe: hakukimbia, wala hakuuziba uso. Alipiga magoti, akajikunja, akalifumbata ziwa la kushoto kwa mikono yote miwili, kama kuku juu ya yai, akampa mumewe mgongo. Alimpa mgongo, kichwa, mbavu za kulia. Kila teke lilipokuja aligeuza mwili kidogo ili litue pengine. Mgongo utapona, alikuwa akijiambia. Kichwa kina nywele. Hapa tu. Hapa tu asifike. Chuma alijaribu kumpindua, akashindwa. Alimvuta nywele, akamvuta mguu, akamburuta kibaraza kizima, lakini mikono ile haikufunguka.

Mama mkwe alitokea mlangoni.

"Usoni basi," alisema. "Usimpige usoni, watu wataona."

*

Asubuhi Chuma na mama yake walimsindikiza hospitali wote wawili, maana mtaa ulishaona, na asipofika huko wangekuja kuulizwa. Mama mkwe alimfunga mtandio mpaka kwenye nyusi, akamwelekeza njiani: aliteleza bafuni. Chuma alimshika mkono juu ya kiwiko, na kila walipopishana na mtu, mshiko ulikaza.

Mama Mwanga aliinua mtandio kwa kidole, akaona jicho lililofumba na mdomo uliopasuka. Harakaharaka akafungua blauzi. Kifuani mistari ilikuwa mizima. Ngozi nzima. Hapakuwa na hata mkwaruzo.

"Ajabu," alisema taratibu. "Umeanguka vizuri sana, mwanangu."

Alimpiga mionzi yake ya siku ile kama kawaida, kisha akamwita nesi. Nesi alitaka kuingia na Fundi chumbani kwake, wawili tu. Chuma akaziba mlango.

"Mke wangu haingii chumba cha mtu bila mimi."

"Baba, ni utaratibu wetu," Mama Mwanga alisema, akajaribu kumpenyeza Fundi chini ya mkono wa Chuma.

Chuma alimsukuma. Mama yule mnene aligonga ukuta kwa bega, tangazo la ukutani likadondoka, wagonjwa wakainuka kwenye benchi. Mlinzi alikuja mbio akamkumbatia Chuma kwa nyuma; wakazungushana, benchi likapinduka, kiatu cha mtu kikaruka. Kisha, mlinzi wa pili alipokuja, Chuma akalegea. Akakaa sakafuni. Akalia.

"Nilidhani wanamkata," alisema, machozi ya kweli yakimtoka. "Mimi mtu wa vyuma. Mstari kwangu ni wa kukata. Nilidhani wanamkata mke wangu ziwa, sikujua. Wallahi sikujua."

Ukumbi ulilainika. Wanawake wale wale wa benchi walivuta pua. "Masikini," mmoja alisema. "Mapenzi hayo. Wangapi wanakimbia wake wakiugua?" Mwingine akamwokotea kofia. Hata mlinzi alimwachia, akampangusa vumbi begani.

Mama mkwe alimshika Fundi mkono. "Umesikia, mwanangu? Ujinga tu ulikuwa. Mtu haadhibiwi kwa kutojua. Mwambie nesi uliteleza, twende nyumbani."

Chuma aliinua uso uliolowa, akamtazama mkewe. Macho yalikuwa yanalia, lakini Fundi aliyasoma vizuri. Yalikuwa yanamwambia kitu kingine.

Nesi alisogea. Hakupandisha sauti safari hii, na hakuwafukuza watu.

"Mama. Wiki zile nilikuuliza swali, ukanijibu umejikuna. Sitakuuliza tena baada ya leo. Ngozi yako ilichubuliwa, na sasa uso wako huu. Nani?"

Fundi alisikia mama mkwe akimbana vidole. Aliviondoa kimoja kimoja, kama anayetoa pini kwenye kitambaa.

"Yeye," alisema. Mdomo uliopasuka ulitoa damu kidogo, hakuufuta. "Mara ya kwanza alinikalia akanisugua kwa sabuni ya gereji, na kweli hakujua. Jana alijua. Aliniambia kwa mdomo wake kwamba anajua, ndipo akanipiga. Naomba kile kitanda cha hosteli."